Sarafu ya shilingi 100

Jinja,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye chanzo cha Nile. Sisi hatujambo, mama anakuuliza kila wiki kama Kabale hujagandishwa na baridi. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unataka kuingia kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola za easofti, zile za gololi za plastiki, na unauliza ununue ipi. Nimefurahi mno, ila swali la kununua liweke kando kwanza.

Mimi na wewe ni watoto wa kambi. Kiswahili chetu tulikiokota kwa maafande, na bunduki tuliziona kabla ya kujua kusoma. Mazoea hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Bastola ya easofti inarusha gololi ya plastiki ya milimita 6 kwa nguvu ya gesi, lakini ukiwa hatua 5 huwezi kuitofautisha na ya kweli. Hapa kwetu mabenki na maduka makubwa yana walinzi wenye bunduki. Ukiichomoa barabarani, hata kwa kumwonyesha rafiki tu, nani atangoja kukuuliza kama ni ya gololi? Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote peleka barua polisi, uulize sheria inasemaje, na jibu ulipate kwa maandishi. Asitokee mtu wa kukuingizia kimyakimya ndani ya sanduku la nguo. Ukishaipata, isafiri kwenye mfuko uliofungwa mpaka ndani ya uwanja.

Mchezo wenyewe una wazee wake. Shirika la IPSC, linalosimamia mashindano haya ya kulenga shabaha duniani, lilianzishwa mwaka 1976 huko Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Easofti ilitoka Japani, ambako raia kumiliki bastola ya kweli ni vigumu sana, na mwaka 2018 Hong Kong iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya IPSC kwa bastola hizi. Nakutajia haya ujue kwamba kanuni zake ni za watu wazima. Mdomo wa bastola ukivuka nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, siku yako imeishia hapo, unafungasha. Ukitembea au ukibadilisha magazini, yaani kisanduku cha gololi, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Na miwani ya kinga avae kila aliyemo, hata anayeandika alama.

Sasa nikueleze kilichonifunza. Katikati ya shabaha ni alama 5, sehemu inayofuata 3, ya pembeni 1. Jumla inagawanywa kwa sekunde ulizotumia, na gololi iliyokosa shabaha inakukata alama 10. Mara yangu ya kwanza tulikuwa kwenye banda la kuku lililoachwa, Mukono, gololi 12 kila mmoja. Nilikwenda mbio, nikamaliza kwa sekunde 8, watu wakapiga makofi. Tulipofika kwenye karatasi, 10 zilikuwa katikati na 2 hazikuonekana popote. Alama 50, toa 20, gawa kwa 8: nikapata 3.75. Binti aliyenifuata alitumia sekunde 11, zote 12 katikati. Sitini kwa 11 ni 5.45. Nilibaki nimeinama mbele ya ile karatasi nikitafuta matundu mawili ambayo hayakuwepo.

Tangu siku hiyo mazoezi yangu mengi ni ya chumbani, bila gesi wala gololi. Chora shabaha theluthi ya ukubwa wake, ibandike ukutani, simama mita 3: jicho litaiona kama ya kweli iliyo mita 9. Shika bastola juu kabisa, ule mkunjo wa kati ya kidole gumba na cha shahada usiache nafasi hata ya karatasi. Kisha mtu akuwekee sarafu ya shilingi 100 juu ya bastola, karibu na kilengeo cha mbele, nawe uvute kifyatulio. Ikianguka, umevuta kwa mkono mzima badala ya kidole. Mimi iliniangukia wiki nzima. Siku ilipotulia mara 10 mfululizo nilimwita mama aje aone, akaja na mwiko mkononi.

Huko kwako gesi itakusumbua asubuhi. Ikipoa, nguvu yake inashuka na bastola inakuwa nzito kujirudisha. Panga mazoezi saa nane mchana, jua likiwa limekolea. Ukifika kwenye gololi, tundika neti kuukuu ndani ya boksi nyuma ya shabaha. Inazizuia na unaziokota zote.

Likizo ya Desemba njoo ulale kwetu. Utashika yangu kwanza, uone kama mkono wako unaipenda, ndipo tuongee habari ya kununua. Njoo na miwani yako mwenyewe, yangu ina mkwaruzo. Sarafu utaikuta dirishani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, jirani yako wa kambini