Jina la Delamere na jina letu

Nantwich, Cheshire, Uingereza

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama, kwa babu yetu Guka na kwa wote hapo Njoro. Mimi ni mzima, kazi ya kutunza wazee inaendelea, na baridi imelegea kiasi kwamba sasa navaa sweta moja. Pesa za wakili nimemtumia Mama kwa M-Pesa. Zikifika anijulishe.

Sasa nijibu lile swali la Guka. Aliniuliza kwa simu kama Delamere na yule Cholmondeley aliyekuwa akitajwa redioni ni ukoo mmoja, na kama jina hilo linajulikana huku ninakoishi. Guka alikamua ng'ombe wa Delamere ujana wake wote, kwa hiyo anastahili jibu la maana. Nimelifuatilia siku zangu za mapumziko, na kila nilipozidi kuchimba nilizidi kuifikiria kesi yetu ya urithi wa shamba na majina yetu yasiyolingana kwenye hati. Msomee yeye yote, lakini kile kipande cha mwisho ni chako.

Ni ukoo mmoja. Delamere ni cheo, Cholmondeley ndilo jina la ukoo. Mwingereza akiwa baroni hutia sahihi kwa jina la cheo peke yake, ndiyo sababu Guka na wenzake walimfanyia kazi Delamere bila kulisikia lile lingine. Yule aliyepewa ekari 100,000 pale Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha akapata shamba la Soysambu, aliitwa Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu. Cheo chenyewe kilianza 1821 na kilichukuliwa kutoka msitu wa Delamere, ambao uko huku huku Cheshire. Ni msitu wa viziwa vingi, na jina linatokana na hivyo viziwa. Katika hati za zamani za Kilatini unaitwa Mara. Mwambie Guka asianze kudai kwamba Wamaasai walifika huku kwanza, imesadifu tu.

Hilo la ukoo linatamkwa Chamli. Herufi 12, na sauti zake ni hizo tu. Nakumbuka wakati wa kesi ya mauaji ya Soysambu, ambapo Tom Cholmondeley ndiye aliyeshtakiwa, watangazaji walivyokuwa wakijikwaa kila jioni, na watu hotelini wakibishana ni Cholomondelei au Kolmondli. Robert Njoya alikuwa amekufa kwa risasi, na gumzo likawa ni matamshi ya jina la mshtakiwa.

Jina limetoka kwenye kijiji. Cholmondeley iko kusini mwa Cheshire, kando ya barabara ya A49, na kasri la ukoo liko hapo hapo. Rafiki yangu wa kazini alinipeleka, kwa sababu bustani zake hufunguliwa kwa umma. Katika Domesday, ile orodha ya ardhi na mali aliyoiamuru mfalme William, mwaka 1086 kijiji kimeandikwa Calmundelei. Palikuwa mahali palipofyekwa msituni, pakaitwa kwa Ceolmund, Mwingereza fulani wa zamani sana, kama pale Nakuru tunavyosema Kwa Rhonda. Baadaye waliokuja kupamiliki ndio waliochukua jina la mahali wakalifanya la ukoo.

Hapa ndipo Guka atakapoweka kikombe chini. Wazee wa huku wanasimulia kwamba mabwana wa Cholmondeley wametokana na William le Belward, aliyekuwa na ardhi upande wa Malpas. Kizazi chake kiligawana vijiji, na kila mmoja akaitwa kwa fungu lake. Waliopata Cholmondeley wakawa Cholmondeley, na waliopata kijiji jirani cha Egerton, maili chache tu, wakawa Egerton. Naam, Egerton wetu! Yule wa kasri la Ngata, aliyeanzisha shule ya kilimo 1939 ambayo leo ni chuo kikuu. Vijiji viwili vilivyopakana Cheshire vikaja kupakana tena Njoro, juu ya ardhi ya watu wengine.

Ila kwa akina Egerton kuna kona. Hester Egerton aliolewa na William Tatton wa Wythenshawe. Mwaka 1780 alipomrithi kaka yake, alirudia jina la kwao, na mwanawe naye akaacha Tatton akawa Egerton. Kwa hiyo ukihesabu upande wa baba, Lord Egerton wa Njoro alikuwa Tatton. Urithi ulipita kwa mwanamke na jina likaufuata. Hilo umsomee Baba Mkubwa kwa sauti, yeye anayesema binti hana fungu kwenye shamba.

Turudi kwa Chamli, maana tahajia ndizo zilizonivutia kuliko mabaroni. Nimekutana na Cholmondeley, Cholmeley, Cholmley, Chomley na Chumley. Sir Roger aliyeanzisha shule ya Highgate kule London mwaka 1565 ni Cholmeley. Tawi lililohamia Whitby, upande wa Yorkshire, lilishika Cholmley. Zamani hapakuwa na tahajia sahihi ya jina la mtu. Mwaka 1538 serikali iliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, na aliyeandika ni kasisi au karani wake. Watu wengi waliosimama mbele yake hawakujua kusoma. Mtu alitaja jina lake, karani akaandika alichosikia, na mtoto akibatizwa na kasisi mwingine anapata tahajia nyingine.

Mimi nina maoni yangu, na sijali kama wasomi watayakataa. Matajiri ndio waliobaki na tahajia ndefu kwa sababu walikuwa na hati. Jina lililoandikwa kwenye hati ya shamba halichezewi, hata kama nusu ya herufi zake zimekufa mdomoni. Asiye na hati hakuwa na cha kulinda, akaandikwa Chumley jinsi anavyoitwa. Ukitazama vizuri, huyo Chumley wa kijijini ndiye aliyeandikwa kwa ukweli zaidi.

Na hawa wenye hati walijua kushtakiana! Mwambie Mama kuhusu Mary Cholmondeley. Baba yake alipokufa, mama huyu alishtakiana na ami yake juu ya urithi kwa zaidi ya miaka 40. Mfalme James alipozuru Vale Royal mwaka 1617 alimwita bibi jasiri wa Cheshire. Mwanawe Thomas ndiye aliyebaki na Vale Royal, na uzao wake ndio akina Delamere. Makao hayo yalikuwa nyumba ya watawa iliyoanzishwa na mfalme Edward wa Kwanza. Siku hizi watu wanacheza gofu hapo.

Mama pia atapenda picha iliyoko jumba la Tate, London, iliyochorwa mwanzoni mwa miaka ya 1600. Wanawake wawili wa ukoo huu wamekaa kitandani bega kwa bega, kila mmoja na mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa chekundu. Maandishi ya pembeni yanasema walizaliwa siku moja, wakaolewa siku moja, wakajifungua siku moja. Mtu akitazama haraka ataona ni picha moja imerudiwa, lakini macho, lesi na vidani ni tofauti.

Kutafuta ukoo wa hivi kuna mitego. Wa kwanza ni kudhani kila Chumley ni ndugu wa Delamere. Kule Devon, kusini magharibi, kuna mji unaoitwa Chulmleigh. Katika Domesday ni Calmonleuga, nao unatokana na Ceolmund mwingine. Chumley aliyezaliwa karibu na huko huenda hajawahi kuwa na damu ya Cheshire hata tone. Majina mawili yalianzia mbali, yakasagwa na ndimi za watu mpaka yakafanana. Ndiyo sababu watafutaji huanza na parokia kabla ya tahajia: nani alibatizwa wapi, alizikwa wapi, alikuwa na shamba gani. Kuanzia Julai 1837 kuna vyeti vya serikali, na kuanzia 1841 sensa yenye majina. Lakini mpaka 1901 kilichohifadhiwa ni daftari la karani wa sensa. Ile ya 1911 ndiyo ya kwanza unayoweza kuona karatasi iliyojazwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, na hapo unajua yeye mwenyewe alijiandikaje. Ya 1931 iliungua moto mwaka 1942.

Mtego wa pili ni kompyuta. Kuna mfumo wa Wamarekani uitwao Soundex, uliosajiliwa 1918, unaogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayosikika sawa yakae pamoja. Ukiupa Cholmondeley unakupa C455. Ukiupa Chumley unakupa C540. Matamshi ni yale yale, lakini mashine inawatenganisha kabisa, kwa sababu inahesabu herufi ambazo hakuna anayezitamka.

Nilipofika hapo, Baba, nikakukumbuka. Kwenye kipande cha babake Guka, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, mzungu aliandika Ganga. Karani wa kampuni ya kununua mashamba akaandika Nganga, na ndivyo hatimiliki ilivyo. Kitambulisho cha Guka ni Ng'ang'a, chako ni Ngang'a, na cheti cha kifo cha babake Guka sijui kiliandikwa na nani, kina ritifaa mwishoni mwa jina. Ukitutafuta kwenye kompyuta ya serikali sisi ni koo tano.

Kwa hiyo nakuomba usikubali shauri la Baba Mkubwa la kila mtu kwenda kubadilisha kitambulisho ili kifanane na hatimiliki. Hatimiliki ndiyo iliyoandikwa na mgeni asiyejua jina. Mwambie wakili aandike kiapo kinachotaja tahajia zote, moja baada ya nyingine, na kueleza kwamba ni mtu yule yule. Barua ya chifu nayo itaje zote. Tafuteni pia daftari la ubatizo kanisani, maana Guka anasema babake alibatizwa akiwa mtu mzima, na nina hamu ya kujua padri alisikia nini siku hiyo.

Kipande chenyewe msikipeleke kortini. Kamau akipige picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa mchana, anitumie. Nataka niisome sahihi ya mwajiri, nijue kama alitia ile ya ukoo au ya cheo.

Na Kamau huyo huyo, akienda kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, asitoke dirishani kabla hajahakikisha ritifaa zote mbili ziko mahali pake.

Ni mimi binti yako,
Wanjiru