Barua ya wazi kwa mabinti wanaotetea miji ya wanawake

Wanangu mnaoongoza vikundi vya kifeministi vya mipango miji,

Nimechoka kuona ofisi zinafungwa mwezi uleule ruzuku inapokwisha, na ramani za ukaguzi wa usalama wa wanawake mitaani zinapotelea kwenye kompyuta ya mratibu aliyeondoka. Kisha mnamlaumu mfadhili, wakati tarehe ya mwisho ilikuwa kwenye mkataba mliotia saini.

Matrix, kundi la wasanifu majengo wanawake wa London, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi zake nyingi zilitoka kwa vikundi vya kijamii vilivyopewa fedha na Baraza Kuu la London, yaani serikali ya jiji hilo. Mwaka 1986 serikali ya Uingereza ililivunja baraza hilo. Matrix likajikongoja hadi 1994 lilipofungwa, ustadi wake ukiwa palepale.

Basi mfadhili mmoja asibebe zaidi ya theluthi ya bajeti. Kodi ya ofisi, mhasibu na siku za kuandika maombi mapya viingizwe katika bajeti ya kila mradi kabla hamjaiwasilisha. Mkipata kazi ya halmashauri, daini malipo ya awali, tuseme asilimia 30, maana serikali huchelewa kulipa. Wekeni akiba ya miezi 3 hadi 6 kwenye akaunti ya peke yake, yenye watia saini wawili.

Linalonikera kuliko yote ni kujitolea. Mnapinga kazi za nyumbani zisizolipwa, halafu kikundi chenu kinaendeshwa na binti asiyelipwa anayeandika ripoti usiku wa manane! Akichoka anaondoka, na anajua peke yake nani wa kupigiwa simu pale idara ya barabara. Andikeni saa za kila mtu kila wiki, hata zisizolipwa, mjue mradi unagharimu nini hasa. Na wale kina mama wanaotembea nanyi usiku kukagua taa, vichochoro na vituo vya basi wapeni posho, nauli na mlezi wa watoto. Jamii imezoea kuuchukua muda wa mwanamke bure. Halmashauri nayo itauchukua bure mkiiruhusu.

Uratibu ubadilishwe kila baada ya miaka 3, kwa makabidhiano ya miezi 3. Mkataba useme data ni ya nani. Vienna, mji mkuu wa Austria, ilifungua ofisi ya wanawake ndani ya serikali ya jiji mwaka 1992. Nanyi tafuteni marafiki ndani ya halmashauri yenu, zaidi ya mmoja, maana watumishi huhamishwa.

Miezi 6 baada ya ukaguzi rudini mitaa ileile na dodoso lilelile la maswali. Orodha ya taa zilizowekwa, na zile zilizoishia kuahidiwa, ndiyo mtakayoipeleka kwa mfadhili anayefuata.