Boti kwanza, kitanda baadaye

Lubumbashi, tarehe 6 Aprili

Yaya mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeki na kwa watoto wote hapo Likasi. Barua yako imefika, pamoja na karatasi za zile hoteli tatu za Tanzania, za Paje, Nungwi na Mafia, na swali lako: ipi ni nzuri kwa kuzamia? Karatasi zote zinaonyesha vitanda, bwawa la kuogelea na samaki wa kuchoma. Hakuna hata moja inayosema mitungi ya hewa inajazwa wapi, mwalimu mmoja anachukua watu wangapi, wala kama boti inabeba oksijeni. Anayekwenda kuzamia huchagua bahari na boti kwanza, kitanda baadaye. Ndiyo maana sikutajii jina leo kabla ya kuwaandikia na kuwauliza.

Tuanze na tarehe, maana hiyo ndiyo inayoamua pwani. Vakansi ya watoto ni Julai na Agosti, na miezi hiyo huko upepo wa kusi ndio unaotawala. Hoteli yenu ya Paje iko pwani ya mashariki ya Unguja, inayopokea kusi usoni: boti hurushwa na mawimbi, mchanga huvurugika na kuyafanya maji yawe na ukungu, safari huahirishwa siku baada ya siku. Maji nayo hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Unaweza kuona si baridi, lakini dakika arobaini bila kutembeza mwili zinatosha kukutetemesha. Omba suti ya mpira ya milimita 5, hata wakikuletea ya 3. Kipindi kitamu kuliko vyote ni malelezi ya Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imekata na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijaanza, ila najua shule haitawaachia.

Kwa Agosti basi, tafuteni upande ambao kisiwa chenyewe kinakinga upepo: Kendwa na Nungwi kule kaskazini-magharibi, au Mjini Zanzibar. Mbele ya Mji Mkongwe kuna miamba ya Bawe na mabaki ya meli Great Northern iliyozama 1902, kina cha mita 12 hivi. Kwa mtu anayejifunza ni mahali pazuri sana, tena boti haiendi mbali. Mnemba, ambayo kila mtu huitaja kwa matumbawe na kasa wake, iko kaskazini-mashariki. Kutoka Matemwe ni karibu, kutoka Nungwi boti inatoka kwenye kinga na kuzunguka ncha ya kisiwa. Siku ya upepo mkali mwalimu mzuri atakataa kuwapeleka. Msimnung'unikie.

Mafia, hoteli yenu ya tatu, naipenda kuliko zote, lakini si Agosti na si kwa mara ya kwanza. Miamba ya nje ya Ghuba ya Chole hufikika vizuri kuanzia Oktoba hadi Machi. Wakati wa kusi watu hubaki ndani ya ghuba. Papa potwe pia huja upande wa Kilindoni miezi hiyohiyo ya kaskazi, na huangaliwa kwa kuogelea juu ya maji, bila mtungi. Halafu ni ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, ambayo mara nyingi inaruhusu kilo 15 tu kwa mtu, na kuna ada ya hifadhi ya bahari ya kila siku ambayo haimo kwenye bei ya chumba. Pemba ina kuta za matumbawe zinazoshuka kwenye kina kirefu, na mikondo yenye nguvu. Hiyo muiache mpaka wote wawili mwe na cheti na mizamio ishirini au thelathini.

Jambo ambalo sisi watu wa bara hulisahau ni maji kupwa na kujaa. Huko tofauti hufika mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mashariki maji hukimbia mbali sana, boti hubaki mchangani na ninyi hutembea juu ya miamba mkibeba mitungi. Nungwi na Kendwa hazisumbuliwi hivyo. Pia bamvua huleta mkondo mkali. Ukiweza kupanga siku za mafunzo ziangukie maji mafu, karibu na robo ya mwezi, kichwa chako kitakuwa kwenye kupumua, si kwenye kupambana na bahari. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kulipa.

Sasa kituo chenyewe. Waandikie uwaulize, na uombe majibu kwa maandishi: Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Kwa mtu anayeonja kuzamia tu bila cheti, kikomo cha PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, baharini ni wanne kwa mwalimu, kina kisizidi mita 12. Wakikwambia wawili, hao wanajali. Kuna mwalimu wa Kifaransa au wa Kiswahili? Uliza hilo kwa msisitizo, yaya, kwa sababu maelezo ya usalama ukiyaelewa nusu ni kama hukuyasikia. Boti ina oksijeni safi ya kutosha hadi kufika hospitali? Chumba cha mgandamizo, kile cha kutibu ugonjwa wa kuzamia, kinachofanya kazi kiko wapi leo, na nani analipa? Upepo ukizuia safari, mnarudishiwa pesa au mnahamishiwa siku nyingine? Na bei: ina vifaa, ada za hifadhi na nyongeza ya Mnemba? Hapo ndipo bei ndogo hukua. Kituo kinachojibu yote haya kwa sentensi mbili za "msijali" kiache.

Ukifika, kabla ya kulipia siku zote za kuzamia, nenda nyuma ya jengo ukaone kompresa, mashine inayojaza mitungi. Angalia bomba linalovuta hewa linaanzia wapi. Likiwa karibu na moshi wa jenereta au mahali magari yanapowashwa, toka. Moshi huo una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na chini ya maji mgandamizo huizidishia nguvu. Hewa nzuri haina harufu wala ladha yoyote. Ukinusa mafuta au mpira uliochomeka, mtungi huo si wako, lakini kutosikia harufu peke yake si uthibitisho, ndiyo maana uangalie lile bomba.

Halafu mtungi wako mwenyewe. Kwenye mabega yake, chini ya valvu, kuna tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Inaonyesha jaribio la mwisho la shinikizo, nalo kwa kawaida lisizidi miaka mitano. Fungua valvu hadi mwisho, mshale wa kipimo cha hewa usome karibu bar 200. Sasa tia rigileta, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni, vuta pumzi nne nzito huku macho yakiwa kwenye mshale. Mshale ukibaki umetulia, sawa. Ukishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, valvu imefunguliwa nusu: juu ya maji utapumua vizuri, kwenye mita 15 hewa itakuwa nzito. Kosa hili ni la kawaida, na linatibika kwa kugeuza mkono. Bonyeza pia vitufe vya jaketi ya kuelea, cha kujaza na cha kutoa hewa. Kitufe kinachonata kwa chumvi kinaweza kukupandisha juu bila kutaka. Miwani ijaribu hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikishika, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine, hata kama ni ya rangi unayoipenda.

Wewe mwenyewe hujawahi kuzamia. Una njia mbili. Kuonja huchukua nusu siku, hakuna mtihani wa kuogelea. Cheti cha kwanza cha PADI kinataka siku tatu hadi nne, mizamio minne baharini, kina hadi mita 18, na ni lazima uogelee mita 200 bila kusimama (au 300 kwa miwani, mapezi na bomba la kupumulia) na uelee dakika kumi. Hakuna muda wa kushindania, lakini usiende kujifunza kuogelea kule. Anza mwezi huu kwenye bwawa hapo Likasi. Masomo ya nadharia yafanyie nyumbani kwenye intaneti, kwa Kifaransa, ili siku za kisiwani zote ziwe za maji. Shemeki ana cheti cha kuzamia cha ngazi ya kwanza cha mfumo wa Ufaransa, anaruhusiwa mita 20 akiwa na kiongozi. Ila kama miaka imepita, aombe kwanza mzamio wa kukumbuka kwenye maji mafupi.

Fomu ya afya ijazeni kabla ya kuondoka. Jibu moja la "ndiyo" linaweza kudai sahihi ya daktari, na kumtafuta huko kunakula siku. Pumu, kifafa, mimba, masikio yenye matatizo: mwambie daktari ukweli. Mwenye drepanositozi, yaani selimundu, asizamie kabisa, na kwa kuwa ugonjwa huo ni wa familia nyingi kwetu, yule mtoto mkubwa anayetaka kujaribu mpimeni kwanza. Dawa ya malaria inayoitwa Lariam, yaani mefloquine, haifai kwa mzamiaji, kwa sababu kizunguzungu chake hufanana na dalili za ugonjwa wa kuzamia. Mwombeni daktari nyingine. Mafua yakiwashika, baki pwani. Sikio hufunguliwa kwa kubana pua na kupuliza polepole kila mita moja, kabla halijauma. Likikataa, panda kidogo, usilazimishe.

Na sasa lile ambalo mtu wa Katanga hawezi kulipuuza. Nitrojeni ya hewa iliyoingia mwilini chini ya maji hutoka taratibu. Ukipanda ndege au mlima mapema, inakuwa mapovu kwenye viungo na mishipa, kama chupa ya soda iliyofunguliwa. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, linapendekeza saa 12 kabla ya ndege baada ya mzamio mmoja, saa 18 baada ya siku kadhaa. Ndani ya ndege ni kama kuwa kwenye mlima wa hadi mita 2,400, na mkishuka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, bado mko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Hesabuni saa 24 kamili. Pangeni mkianzia mwisho: ndege Jumamosi, Ijumaa hakuna kuzamia, mzamio wa mwisho Alhamisi asubuhi. Boti ya abiria kwenda Dar es Salaam haina tatizo, iko usawa wa bahari, kwa hiyo Ijumaa ni siku ya Mji Mkongwe na kivuko. Atakayewauzia "mzamio mmoja zaidi wa Ijumaa" kwa bei nusu, mkatalieni.

Msisahau kadi za homa ya manjano, chanjo iwe imepita siku kumi, na bima ya Zanzibar ambayo wageni hudaiwa kulipa tangu Oktoba 2024. Hiyo hailipii chumba cha mgandamizo kwa uhakika, kwa hiyo chukueni ya DAN pia. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, na wakisema boti inaondoka "saa mbili", ni 8:00.

Kwa sasa moyo wangu uko kwa ile ya Nungwi, wakijibu vizuri. Niandikie kila mmoja urefu wake, kilo zake na namba ya viatu, ili niwaombee suti na mapezi, pamoja na siku mnazotaka, nizilinganishe na mwezi. Ukiweza kabla ya Ijumaa, itakuwa vizuri, Agosti hujaa mapema.

Mdogo wako