Kiendelezi kinachotembea kwa flashi: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: UHAKIKI NA USAMBAZAJI WA VIENDELEZI VYA VIVINJARI KATIKA OFISI ZA UMMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msanidi programu wa kujitegemea, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Sehemu ya riziki yangu inatokana na kuandika viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyokaa ndani ya Chrome, Edge au Firefox na kuongeza jambo ambalo ukurasa wenyewe hauna. Naviandika kwa JavaScript, lugha ileile inayoendesha kurasa hizo, kwa hiyo havihitaji mtambo wala leseni: kompyuta ya kawaida, kihariri cha maandishi cha bure, na subira. Wateja wangu ni steshenari za katikati ya mji, wahasibu wa ofisi binafsi, na watumishi wa umma wanaonijia jioni na kompyuta mpakato zao. Barua hii nimeiandika kwa sababu ya hao wa mwisho.

Nianze na mfano. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Maana yake makosa mengi ya uingizaji yanaweza kuonekana kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kutuma. Tarakimu zimepungua, mwezi umekuwa wa 13, au mwombaji wa kazi amezaliwa mwaka ujao. Niliandika kiendelezi kinachofanya kazi hiyo tu. Kinasoma kisanduku kimoja kwenye fomu, kinahesabu, kinaangalia kama tarehe hiyo ipo kwenye kalenda, kisha kinapaka kingo za kisanduku nyekundu pale penye kasoro. Hakihifadhi kitu na hakitumi kitu popote. Msimbo wake haufiki mistari mia.

Baadaye nilikikuta kiendelezi hicho kwenye kompyuta za ofisi moja ya umma ya huku Kanda ya Kati, kompyuta ambazo sikuwahi kuzigusa. Kilikuwa kimefika kwa flashi. Mtumishi mmoja alinakili folda yangu, akawasha ile Hali ya wasanidi programu kwenye Chrome, swichi inayoruhusu kupakia kiendelezi kutoka kwenye folda, akaipakia, kisha akampa mwenzake, naye akampa mwenzake. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Ukurasa waliokuwa wakiutumia ulikuwa umeshabadilishwa na wenyewe, jina la kisanduku cha namba limekuwa jingine, na folda ile ya zamani ilikuwa inatafuta kisanduku ambacho hakipo tena. Haikupaka rangi yoyote. Watumishi, kwa kutoona nyekundu, wakaamini namba ziko sawa. Toleo jipya lilikuwa limeshatoka, lakini folda iliyopakiwa kwa mkono haina wa kuiambia kwamba kuna toleo jipya.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo, Ndugu Mkurugenzi. Kiendelezi kilichowekwa kutoka kwenye duka la kivinjari husasishwa na kivinjari chenyewe, ambacho hukagua kila baada ya saa chache kama kuna toleo jipya. Kiendelezi kilichopakiwa kama folda hubaki vilevile hadi mtu aje akiondoe. Tena folda hiyo ni maandishi matupu. Yeyote anayekaa kwenye kiti kile anaweza kuifungua kwa Notepad, akaongeza mistari mitano inayonakili kila kinachoandikwa na kukipeleka anakotaka, na ikoni itaendelea kuwa ileile, jina lilelile. Nililinganisha mafaili ya ofisi ile na yangu, moja baada ya jingine. Hayakuwa yameguswa. Sina namna ya kusema hivyo kuhusu kompyuta ambazo sijaziona.

Watu hawafanyi haya kwa ukaidi. Tangu 2014, Chrome kwenye Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuweka kiendelezi kilichotoka nje ya duka la Google. Zimebaki njia mbili: sera ya ofisi inayowekwa na msimamizi wa mfumo, au hiyo folda. Kwa mtumishi ambaye ofisi yake haina sera yoyote ya vivinjari, folda ndiyo njia iliyo wazi, na mlango wake unafunguliwa kwa kubofya mara moja.

Najua jibu la haraka litakuwa: kataza. Toa waraka, viendelezi marufuku kwenye vifaa vya Serikali. Nakuomba usifanye hivyo, na sisemi hivyo kwa kulinda biashara yangu tu. Mtumishi mwenye foleni ya watu hamsini nje ya dirisha atatafuta tu namna ya kufupisha kazi, na waraka utabaki umebandikwa ukutani juu ya kompyuta ileile yenye folda ileile.

Jibu la pili litakuwa: kama fomu haikagui namba, irekebishwe fomu. Hili nalikubali kwa moyo wote. Ukaguzi wa tarakimu 20 ni kazi ya mfumo wenyewe, na ungekuwepo, kiendelezi changu kingekufa nami ningeshangilia. Lakini mfumo una mkandarasi, mkataba, bajeti na foleni ya marekebisho. Kiendelezi kinaandikwa Jumamosi na kuanza kazi Jumatatu. Kinaweza kuziba pengo huku marekebisho ya kweli yakisubiri zamu yake, na zaidi ya hapo kinawaonyesha wenye mfumo, kwa vitendo, ni wapi watumiaji wanaumia.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: Mamlaka iwe na akaunti yake ya uchapishaji wa viendelezi, na iwe na watu wawili watatu wa kusoma msimbo kabla haujatoka kwa jina hilo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyoiunda Mamlaka, imewapa kazi ya kuratibu, kusimamia na kukuza. Hapa zote tatu zinahitajika kwa wakati mmoja.

Gharama yake ni ndogo kiasi cha kuonea aibu kuiandika kwenye barua rasmi. Google hutoza dola 5 za Marekani, mara moja tu, kumsajili mchapishaji kwenye duka la Chrome. Microsoft haitozi kwa Edge. Mozilla haitozi kwa Firefox, tena hao wanatoa nafasi ambayo naona inawafaa ninyi kuliko wote: unawapelekea kiendelezi, wanakitia saini ya kidijitali, wanakurudishia faili ukalisambaze mwenyewe kutoka kwenye seva yako. Ndani ya faili la manifest, yaani lile linalokitambulisha kiendelezi na kutaja ruhusa zake, unaandika anwani ya masasisho, na Firefox itakuwa inauliza huko. Anwani hiyo inaweza kuwa ya go.tz, hapahapa nchini. Kwa Chrome, ambako seva yako mwenyewe inakubalika tu pale kompyuta imeunganishwa kwenye domeini ya ofisi au imesajiliwa kwenye usimamizi wa vivinjari, mnaweza kutumia duka la Google bila kukitangaza kiendelezi: hakitokei kwenye utafutaji, anakipata mwenye kiungo.

Upande wa kompyuta za ofisi, kazi ni ya msimamizi wa mfumo. Chrome na Edge zina sera mbili zinazoenda pamoja: moja inazuia viendelezi vyote, nyingine inataja vinavyoruhusiwa. Firefox ina faili la policies.json lenye kazi hiyohiyo. Ipo pia sera ya kuzima Hali ya wasanidi programu. Hakuna cha kununua hapo. Kinachokosekana ni orodha yenyewe ya vinavyoruhusiwa, na mtu wa kuisimamia ambaye ofisi zote zinamwamini.

Sasa kuhusu kusoma msimbo, maana hapa ndipo uhakiki unapoweza kugeuka mhuri tu. Mhakiki aanze na manifest, hasa ruhusa zinazoombwa. Kuna ruhusa ambayo Chrome huitafsiri kwa mtumiaji kuwa ni kusoma na kubadilisha data yake yote kwenye tovuti zote. Viendelezi vingi huiomba kwa uvivu wa mwandishi tu. Kukipa ruhusa hiyo kiendelezi cha kukagua namba ya NIDA ni sawa na kumwita fundi bomba akarekebishe koki ya jikoni ukamwachia funguo za nyumba nzima na kadi ya benki. Kiendelezi cha fomu moja kitaje tovuti moja. Kikitaja zaidi, mwandishi aeleze kwa maandishi, na maelezo yasiporidhisha kirudishwe.

Baada ya hapo asome JavaScript yote. Inawezekana, kwa sababu viendelezi vya namna hii ni vifupi, na kwa sababu utaratibu mpya wa Google unaoitwa Manifest V3, ulioanza kukubaliwa na Chrome mwaka 2021, unakataza kiendelezi kuvuta msimbo kutoka seva ya mbali na kuuendesha. Kila mstari unaotekelezwa lazima uwe ndani ya kifurushi. Sisi wasanidi tuliulalamikia sana utaratibu huo, hasa watengenezaji wa vizuia matangazo, na malalamiko mengine bado yana haki yake. Lakini kwa mhakiki ni neema: alichokisoma ndicho kitakachokwenda.

Utaniuliza kwa nini akaunti iwe ya Mamlaka na isiwe yangu, ilhali duka lenyewe lina ukaguzi wake. Nitakupa visa viwili. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha kupumzisha vichupo, kikiwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwenyewe alikikabidhi kwa mmiliki mpya. Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa kilikuwa na msimbo hasidi. Watumiaji hawakubadilisha chochote, kilichobadilika ni mwenye akaunti. Kisa cha pili ni cha Desemba 2024. Cyberhaven, kampuni ambayo kazi yake ni kuzuia data isivuje, mfanyakazi wake alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka kwenye duka la Chrome, akatoa idhini bila kujua anampa nani, na siku ya Krismasi watumiaji wapatao 400,000 wa kiendelezi cha kampuni hiyo walikuwa kwenye hatari ya kupokea toleo lenye sumu. Lilipitia mlango uleule wa masasisho ya kujiendesha niliokusifia hapo juu.

Mimi ni mtu mmoja. Naweza kuumwa, kuhama, kudanganywa na barua pepe, au kupewa ofa nono na mtu nisiyemjua anayetaka kununua kiendelezi chenye watumiaji ndani ya ofisi za umma. Sitaki kuwa na ufunguo huo mfukoni. Akaunti ya taasisi, yenye uthibitishaji wa hatua mbili na watu wawili wanaotakiwa kukubaliana kabla toleo halijatoka, ndiyo inayostahili kuushika.

Nina hofu moja, nayo nitaisema wazi. Naogopa isije ikazaliwa fomu. Fomu huzaa ada, ada huzaa kibali cha kila mwaka, na kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyeandika kitu chenye manufaa wikiendi atakiacha kwenye kompyuta yake. Mna kituo cha utafiti na ubunifu hapahapa Dodoma, na vijana wa Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu hawako mbali. Mwandishi aweke msimbo wake hadharani, mhakiki aandike maoni yake hadharani, kiendelezi kikikubaliwa kitoke. Mabadiliko ya kila toleo yaonekane. Wapo watakaosoma bila kulipwa, nami nimo.

Kuna eneo ambalo sera zenu hazifiki: steshenari. Ukitoka Jamatini ukaelekea Nyerere Square utakuta vyumba vyenye kompyuta mbili, printa na foleni. Huko ndiko wananchi wanakojaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya ajira, ya TIN (namba ya mlipakodi), ya vyeti vya kuzaliwa. Kivinjari kimoja, kwa siku moja, hupitisha namba za NIDA, nywila na picha za watu wasiojuana. Nimefungua ukurasa wa viendelezi kwenye kompyuta za namna hiyo na kukuta vya kupunguza picha, vya kupakua video, vya kubadilisha faili kuwa PDF, vingine mhudumu hakumbuki vilikujaje, na kila kimoja kina ruhusa ya kusoma tovuti zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sidhani kama mhudumu wa steshenari anajijua kuwa ni mchakataji wa taarifa binafsi, na simlaumu.

Yeye hahitaji waraka. Anahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye viendelezi vilivyohakikiwa vinavyofanya kazi zake za kila siku, na kitufe cha kuviweka. Cha kupunguza picha hadi kipimo kinachotakiwa na fomu kinaweza kuandikwa kifanye kila kitu ndani ya kompyuta yenyewe, bila picha ya mteja kupelekwa seva ya mtu. Maneno yake yote yakae kwenye folda ya lugha yenye alama ya sw, ambayo Chrome na Firefox zote zinaitambua, ili mhudumu asibahatishe anachokubali. Nimeshaandika cha namna hiyo. Nitakikabidhi kwa Mamlaka bila malipo, pamoja na kile cha namba ya NIDA, viwe vya kwanza kupita mbele ya wahakiki wenu.

Kwa kuanzia naomba kompyuta kumi za ofisi moja mtakayoichagua ninyi, na mtu mmoja wa usalama wa mtandao atakayekaa nami asome kila mstari. Akikuta la kukataa, akatae.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msanidi programu wa kujitegemea
Nkuhungu, Dodoma

Nakala: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi