KUH: Malalamiko Kuhusu Uanachama Wangu Katika Klabu Yenu ya Watazamaji Ndege

Gede,
18 Novemba 2024

Kwa Meneja,

Mimi ni mwanachama wa klabu yenu tangu mwezi wa tisa. Nililipa shilingi 3,500 kwa simu, na ujumbe wa malipo ninao. Tangazo lenu lilisema mwanachama mpya atapewa kadi, ataazimwa darubini, na kutembezwa na kiongozi anayeijua Mida, ule mkono wa bahari wenye mikoko, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kadi sijaiona hadi leo. Hilo nalivumilia. Yaliyotokea Jumamosi siwezi kuyanyamazia.

Tarehe 16 mlitupeleka Mida saa kumi jioni. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bahari ilikuwa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine. Mtoto yeyote wa mvuvi wa Dabaso angewaambia kwamba bamvua hapa kwetu hujaa saa kama hiyo, na hupwa asubuhi kwenye saa nne. Ndege wa pwani hula maji yakitoka, tope likiwa wazi na kaa wakiwa nje ya mashimo. Sisi tulisimama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, watu kumi na wawili kwa darubini tatu, mbele yetu maji tu.

Nilijiunga kwa ajili ya ndege mmoja hasa: yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Huzaliana pwani za Uarabuni, akitaga ndani ya shimo alilochimba mchangani, kisha huja kwetu miezi ya kaskazi. Marehemu baba yangu alikuwa akivua kaa Mida na alinionyesha makundi yao nikiwa mdogo. Jina hilo la kitaalamu hakulijua, lakini saa ya kuwaona aliijua. Nilimchukua mjukuu wangu nami nimwonyeshe. Alirudi nyumbani bila kumwona hata mmoja.

Magharibi tukaingia msituni. Kiongozi wenu akafungulia sauti ya bundi wa Sokoke kwenye simu yake, mara ishirini na zaidi, ili watu wapate picha. Bundi huyu hafiki urefu wa shubiri, na duniani kote anaishi sehemu chache tu, hasa hapa na chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Akisikia sauti ile hudhani amevamiwa, huacha kuwinda aje kumfukuza mgeni asiyekuwapo. Nilimsihi kiongozi aache. Akanijibu, mbele ya mjukuu wangu, kwamba mwanachama mpya hana usemi.

Naomba safari ya Mida irudiwe bila malipo, siku na saa zipangwe kwa kufuata maji kupwa na kujaa, tena kabla ya Januari, kwa kuwa mwezi huo ndege wa majini huhesabiwa nami nataka niwe nimejifunza vya kutosha kusaidia. Naomba pia viongozi wenu wakatazwe kabisa kumwita bundi kwa simu. Mkishindwa, nirudishieni 3,500 zangu pamoja na 1,000 nilizomlipia mtoto.

Nangoja jibu lenu kwa maandishi kufikia tarehe 2 Desemba.

Wenu mwaminifu,
Mwanachama mpya, Gede