Kwa nini dondoo letu la uyoga ni ghali kuliko unga, na kwa nini hatuliuzi kama kinga ya moshi

Karibu kila wiki tunaulizwa kwa nini chupa ndogo ya dondoo inauzwa bei ya mfuko mzima wa unga wa uyoga. Juzi mteja ametuambia wazi kuwa tumemwibia: kamaliza chupa na bado anakohoa akitoka kwenye moshi wa kuni.

Bei kwanza. Uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90, kwa hiyo kilo 10 za uyoga chaza zikikauka hubaki kama kilo 1. Beta-glukani, aina ya nyuzi za sukari ambazo ndizo watu wanazitafuta kwenye uyoga, zimeshikana na kitini (kitu kigumu kama cha gamba la mdudu) kwenye kuta za seli, na tumbo letu haliiwezi sana kitini. Ndiyo maana tunachemsha kwa saa kadhaa, tunachuja, tunapunguza maji taratibu, tunachuja tena. Unga uliosagwa tu haujapita huko. Kuna hata unaosagwa pamoja na nafaka iliyooteshewa nyuzi za uyoga. Mteja mmoja alituletea mfuko wake ili tushushe bei. Tukachemsha kijiko kimoja, tukaacha kipoe, tukadondoshea iodini. Maji yakawa ya buluu nzito, karibu meusi. Ni wanga huo. Alilipia uyoga, akapewa nafaka.

Kuhusu moshi, zipo tafiti ambazo dondoo za uyoga zilipunguza uvimbe wa mapafu kwa panya, na tunazifuatilia kwa hamu. Kutoka hapo hadi kumwahidi binadamu ni mbali, na lebo yetu haiahidi. Chembe za moshi zilizo chini ya mikromita 2.5 hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, na ukiendelea kuzivuta kila siku uvimbe haupati nafasi ya kutulia. Toa moshi nje kwanza: bomba, dirisha, kuni zilizokauka.

Linalotutia hofu zaidi ni wanaomwaga unga wa uyoga kwenye maji ya moto wakajifukiza, eti ufike kwenye mapafu haraka. Msifanye hivyo! Vumbi la spora, yaani mbegu laini mno ambazo uyoga huzirusha hewani, lenyewe huvimbisha mapafu ya wakulima wa uyoga, na sisi hatuvuni bila barakoa. Mmoja aliyejaribu alilala hospitali, na gharama yake ingemjengea bomba la moshi.

Dondoo hunywewa, pamoja na chakula. Pampu ya pumu usiiache kwa sababu yake, na kama unatumia dawa za kushusha kinga ya mwili, muulize daktari kabla hujatulipa.