Kabla ya kumnunulia mtoto skeitibodi, igeuze kwanza

Mhariri,

Shule zikifungwa, rafu za maduka makubwa hujaa skeitibodi, yaani mbao za kuteleza zenye magurudumu manne, zilizopakwa rangi za kila aina, na wazazi huzibeba kwa kuvutiwa na michoro. Nyingi ya hizo haziwezi kumfunza mtu kuteleza, nazo ndizo humwangusha mtoto siku ya kwanza akaapa hatarudi tena. Dosari haiko juu kwenye michoro. Iko chini, kwa hiyo igeuze papo hapo dukani.

Utaona vipande viwili vyenye umbo la T vinavyoshika magurudumu, kila kimoja kimefungwa kwa bolti nne. Hizo ni traki. Zikiwa za plastiki, rudisha. Traki ya kweli ni ya alumini, ekseli yake ni ya chuma, na katikati ina kingipini, bolti nene iliyopita kwenye bushi mbili, yaani vipete vya mpira mgumu. Bushi hizo zikibonyea ndipo ubao hukata kona. Simama juu yake uegemee upande mmoja: ubao usipoinama hata kidogo, mtoto atakwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Upana wa ekseli ulingane na wa ubao. Inchi 8 hadi 8.25 zinamtosha mtu mzima, na kwa mtoto mdogo inchi 7 hadi 7.5.

Sasa gonga gurudumu kwa ukucha. La plastiki hulia kama kikombe. La yurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, halilii. Tofauti hiyo si ndogo. Gurudumu la plastiki likikutana na kijiwe husimama, lakini aliye juu haachi kwenda. Hata yurethani ina daraja zake. Kipenyo cha milimita 52 chenye ugumu wa 99A (namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi) kinafaa saruji laini, kama ya uwanja wa skeiti wa Shangilia kule Kangemi au wa Kitintale, Kampala. Kwenye kabro za mtaani magurudumu hayo yatakutetemesha mpaka meno yagongane. Huko tafuta milimita 56 hadi 60, ugumu wa 78A hadi 87A. Lakini gurudumu kubwa huweza kugusa ubao unapoegemea sana, likakwama ghafla na kukurusha mbele. Weka kipande cha mpira cha milimita 3 kati ya traki na ubao, na bolti ziongezwe urefu kiasi hicho hicho.

Beringi ni nane, mbili kwa kila gurudumu, za namba 608: tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Maduka ya vipuri huwa nazo, maana hutumika pia kwenye mota ndogo. Usiongeze hela kwa sababu ya maandishi ya ABEC 9. Hicho ni kipimo cha usahihi wa uchongaji, hakisemi beringi itavumilia vipi kurukwa na kugongwa. Kinachoziua ni maji na vumbi. Usiteleze barabara ikiwa na unyevu.

Ubao wa mtumba wa tabaka saba za mbao ni bora kuliko mpya wa plastiki, mradi uukague: nyufa kuzunguka bolti, tabaka zilizoachana, na mkia, yaani ncha ya nyuma iliyopinda juu, uliosagika ukawa kama wembe. Ukikuta moja ya hayo, bakisha traki na magurudumu, ubao utupe.

Kwa kurekebisha magurudumu na kingipini, spana mbili zinatosha. Ya nusu inchi ni ya nati za magurudumu: kaza, kisha legeza kidogo mpaka gurudumu lichezecheze kwa unene wa ukucha. Ya 9/16 ni ya kingipini. Ukiilegeza mno ubao huyumba ukishika kasi, ukiikaza mno bushi hupasuka na kona hazikatiki.

Mazoezi yaanzie kwenye nyasi au zulia, ubao usitembee. Mguu wa mbele ukae karibu na bolti za mbele, magoti yakunjwe. Kutanguliza wa kushoto au wa kulia ni sawa. Kisha nenda kwenye saruji tambarare, usukume kwa mguu wa nyuma. Wengi husukuma kwa wa mbele kwa kuwa mwanzoni ni rahisi, halafu huhangaika kuiacha tabia hiyo. Jifunze kusimamisha ubao kwa kuburura soli ya kiatu chini kabla ya kusogelea mteremko wowote. Viatu viwe vya soli bapa.

Kofia ngumu iwe na alama ya kiwango cha usalama cha EN 1078 au ASTM F1492, ikae vidole viwili juu ya nyusi. Fedha zikibaki, nunua kinga za viganja kabla ya zile za magoti, kwa sababu anayeanza hutanguliza mikono anapoanguka.

Wakufunzi wa skeiti,
Nairobi